Mtoto Anaharisha: Je, Apimwe Damu?

Siku hizi mtoto akiharisha siku mbili tu, wengi hukimbilia maabara kuomba apimwe damu. Jibu hurudi na neno moja: "taifodi". Mama analipia kipimo, analipia sindano, anarudi nyumbani mkoba mtupu. Na mtoto bado anaharisha, wala hajapewa maji.

Sisi wa ukurasa huu tunaona desturi hii haifai.

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Widal, kilichoanza Ufaransa mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatoa ukipigana na mdudu wa taifodi. Lakini askari hao hubaki damuni muda mrefu baada ya vita kwisha, na wadudu wengine walio jamaa zake nao huweza kuwaamsha. Ndiyo maana katika nchi zetu hata mtu mwenye afya njema aweza kuambiwa ana taifodi. Na aliye nayo kweli, akipimwa katika juma la kwanza, aweza kuambiwa hana! Kuotesha damu maabara kunaaminika zaidi, ila ni kazi ya siku kadhaa na hospitali chache ndizo zinazoiweza. Tena dalili kubwa ya taifodi ni homa ya siku nyingi, si kuharisha.

Kuharisha kwa majimaji kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, na antibaiotiki haziui virusi. Choo chenye damu ni jambo jingine. Hapo mganga aweza kuanza dawa kwa kuona tu. Na tusieleweke vibaya: mtoto mwenye homa apimwe malaria. Kipimo hicho kina kazi yake.

Kinachoua haraka ni kukaukiwa maji. Mganga mzuri hutazama kama macho yamedidimia, hufinya ngozi ya tumbo aone kama inarudi polepole, kisha humpa mtoto kikombe aone anavyokunywa. Hayo hayana bei. Halafu hutoa ORS pamoja na zinki, kama WHO na UNICEF walivyoagiza mwaka 2004: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Ziwa la mama lisikatishwe.

Tunajua vipimo huingiza fedha, na zahanati nyingi, za mashirika ya dini zikiwamo, huhangaika kulipa mishahara. Hiyo si sababu ya kumtoboa mtoto.

Asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea, mwenye degedege au anayetoa damu apelekwe siku hiyo hiyo, hata usiku. Njiani, kama anameza, anyweshwe kijiko kwa kijiko.