"Umechaguliwa": Nani Ametuchagua, na kwa Gharama Gani?



Julai iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja mjane alitufuata sakristia akiwa na simu mkononi. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kujiunga na Kidato cha Tano katika shule ya bweni iliyo mkoa wa mbali. Serikali ilikwisha kuondoa ada, lakini fomu ya kujiunga ilidai godoro, sare, madaftari na michango, na nauli ilikuwa juu yake. Siku zile zile simu yake ilipokea ujumbe: "Hongera! Umechaguliwa kupata mkopo wa shilingi 2,000,000 bila dhamana." Alikuwa amekwisha kutuma shilingi 30,000 za "kufungua faili". Sasa alikuwa anadaiwa shilingi 50,000 za "bima" ili mkopo utoke siku hiyo hiyo. Aliuliza swali moja tu: "Padre, nitume au nisitume?"

Tunalisimulia jambo hili kwa idhini yake, bila kumtaja jina, kwa sababu ujumbe wa namna hiyo unaingia katika simu za wengi wetu. Tungeweza kumjibu kwa kifupi kwamba matoleo yote ya mikopo ya simu ni utapeli. Jibu hilo lisingekuwa la kweli. Mitandao ya simu, ikishirikiana na benki, hutoa mikopo midogo kwa halali. Mfumo wa kompyuta hutazama jinsi mteja anavyoweka na kutoa fedha, jinsi alivyorejesha madeni ya nyuma, kisha humpangia kiwango anachoweza kukopa. Mteja aliyepangiwa kiwango huweza kupokea ujumbe unaomwalika kukopa. "Kuchaguliwa" kwa namna hiyo kupo, ingawa aliyechagua ni hesabu ya mashine, isiyojua kama mteja ni mjane au kama jana alilala njaa. Kwa kuwa matoleo ya kweli yapo, matapeli hupata vazi la kujifichia. Hivyo muumini anahitaji maswali mawili, na asilichukue jibu la moja kuwa jibu la yote.

Swali la kwanza: ni nani aliyetuma? Mama yule alijua kwamba mwanawe amechaguliwa kweli kwa sababu jina lake lilikuwa katika orodha iliyotangazwa hadharani. Tulimwuliza: je, jina la huyu anayekukopesha limo katika orodha gani? Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha, awe mtu binafsi au kampuni, anatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania huyatangaza majina ya wenye leseni katika tovuti yake. Mnamo Novemba 2024 Benki hiyo ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila idhini. Asiyeweza kufungua tovuti amwombe kijana wa jumuiya yake amsomee; hiyo nayo ni huduma ya upendo.

Zipo na dalili ambazo hazihitaji tovuti. Anayekutaka utume fedha kwanza ili upewe mkopo, iwe kwa jina la ada, bima au kodi, mwone kuwa tapeli, kwa maana mkopeshaji wa kweli hutoa fedha, na makato yake huyachukua ndani ya mkopo au katika marejesho. Anayekuomba namba ya siri naye ni mwizi, hata akikuita kwa jina lako kamili. Mtandao wa simu humpigia mteja wake kwa namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida na kujitambulisha kama mtoa huduma asisikilizwe. Na anayekuharakisha, akisema nafasi inafungwa saa kumi jioni, anaogopa kwamba ukipata muda utamwuliza mtu mwingine. Ukitaka kujua kama mtandao wako umekupangia mkopo kweli, usibonyeze kiungo wala kupiga namba iliyoandikwa katika ujumbe. Fungua mwenyewe menyu ya huduma za fedha uliyoizoea, utazame humo.

Swali la pili ndilo linalosahauliwa na wengi: hata kama ni halali, je, ni mkopo wa kujenga au wa kubomoa? Tupige hesabu. Mtu anakopa shilingi 100,000 kwa wiki mbili, na gharama yake ni shilingi 15,000. Kiasi hicho chaonekana kidogo. Lakini akishindwa kulipa na kukopa tena kwa masharti yale yale, mwezi mmoja utakuwa umemgharimu shilingi 30,000. Benki Kuu imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 3,500 kwa laki moja. Mkopaji wetu amelipa zaidi ya mara nane ya kiasi hicho, na deni la laki moja bado liko palepale.

Gharama nyingine haihesabiwi kwa shilingi. Baadhi ya programu za mikopo huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu, na siku ya kuchelewa malipo ikifika, ujumbe wa kumfedhehesha mkopaji hutumwa kwa wakwe zake, kwa katekista, kwa mwenyekiti wa jumuiya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliwekwa ili taarifa za mtu zisichezewe hivyo, lakini aibu ikishasambaa hairudishwi na hukumu. Basi, kabla ya kubonyeza "ruhusu", tukumbuke kwamba tunaweka rehani heshima yetu pamoja na ya jirani.

Watu wetu wameiita mikopo ya namna hii "kausha damu". Jina hilo halijatoka chuo chochote cha teolojia, lakini linakubaliana na mafundisho ya Mama Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofafanua Amri ya Tano, inawataja wale ambao kwa riba na uchu wao wanawasababishia wenzao njaa na kifo, na kuhesabu tendo lao kuwa namna ya kuua. Kanisa limeiweka riba ya kinyonyaji chini ya amri ya "Usiue".

Tena Kanisa halikuishia kulaumu. Mwaka 1462, mjini Perugia nchini Italia, kwa juhudi za Ndugu Wafransisko, ulianzishwa mfuko wa kuwakopesha maskini kwa gharama ndogo ili wasianguke mikononi mwa wala riba. SACCOS na VICOBA katika parokia zetu zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo leo, zikiendeshwa kwa uaminifu na hesabu za wazi. Na hapa tujihoji wenyewe. Mama yule alikuwa mwanajumuiya hai. Kila wiki alisali pamoja na majirani zake, na hakuna aliyejua kwamba mwanawe hana godoro. Ujumbe wa tapeli ulimfikia kabla yetu.

Hakutuma zile 50,000. Tulimwelekeza kuutuma ujumbe ule kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli, na kutoa taarifa mara moja kwa mtandao wake na kwa polisi. Shilingi 30,000 za kwanza hazijarudi mpaka leo. Kwa ruhusa yake, jumuiya ilielezwa. Godoro likapatikana, nauli ikachangwa, na kijana yuko shuleni.

Tunawasihi basi, wapendwa: ujumbe wa "umechaguliwa" ukifika, usijibiwe siku hiyo hiyo, na usijibiwe na mtu mmoja. Onesha kwa mwenzi wako, kwa mwanao mkubwa, kwa jirani wa jumuiya, au njoo nao ofisi ya parokia. Na ukiuona uso wa jirani umebadilika msimu wa shule unapokaribia, usingoje akuambie. Mwulize.