Mama aliyemchora mwanawe

Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kukusanya likelemba, mmoja wetu alibaki nyuma akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mtoto akishaanza lutuku, mama bado ana kazi gani?» Sikuwa na jibu. Usiku nikakumbuka picha moja.

Ni picha ya mwaka 1921, ya mchoraji Maurice Utrillo wa Paris, akiwa na burashi mkononi. Aliyeichora ni mchoraji mwenzake, Suzanne Valadon. Na huyo Suzanne ndiye mama yake mzazi.

Suzanne alizaliwa Ufaransa mwaka 1865, hakumjua baba. Mama yake alifua nguo za watu. Akiwa kijana alifanya michezo ya sarakasi, akaanguka, akaacha. Ndipo akaanza kulipwa ili akae kimya wachoraji wamchore. Mmoja wao, jirani yake Henri de Toulouse-Lautrec, alimchora amekaa peke yake mezani, chupa ya divai na glasi mbele yake, kama mlevi wa jana. Inasemwa ni yeye pia aliyempa jina la Suzanne (alizaliwa Marie-Clémentine), kwa utani, kama yule Suzana wa Biblia aliyechunguliwa na wazee. Kumbe binti naye alikuwa akiwachunguza! Alitazama mikono yao, akajifundisha bila shule yoyote. Degas, mchoraji mkubwa, alipoona kazi zake alizinunua.

Chupa ya kweli ilikuwa nyumbani. Maurice alizaliwa mwaka 1883, Suzanne akiwa na miaka 18, na nkambo ndiye aliyemlea zaidi, maana mama alikuwa kazini. (Nani kati yetu hajamwachia nkambo mtoto akaenda sokoni?) Kijana alianza kunywa angali mdogo. Alipofika miaka kama 20, munganga alishauri atafutiwe kazi ya mikono. Suzanne akampa rangi na burashi.

Nisiwadanganye: hakuacha pombe. Alirudishwa hospitalini mara nyingi. Lakini alichora barabara na kuta nyeupe za Montmartre, mtaa wao, hadi jina lake likajulikana duniani, na aliishi miaka 71.

Mwaka ule wa 1921 alikuwa na miaka 37, na pombe ilikuwa bado inamsumbua. Suzanne hakuwa mtu wa kupamba nyuso za watu; angeweza kumweka mwanawe mezani na chupa, jinsi yeye mwenyewe alivyowekwa. Ile ya Maurice isingekuwa hata uongo. Alimchora akiwa kazini.

Nimemtumia yule mama picha hiyo kwa simu. Hakusema kitu juu ya Paris. Amejibu tu kwamba kijana wake, kabla ya mambo haya, alijua kutengeneza baiskeli, na kwamba funguo zake bado ziko chini ya kitanda.