Nilipata Jiko, Jiko Likataka Kuuza Majiko

Mwezi huu sina ushauri wa kumpa mtu. Aliyeharibu safari hii ni mimi mwenyewe, na mke wangu ameniruhusu kuandika kwa sharti moja tu: nisijipendelee.

Siku ya harusi yetu MC alipaza sauti, "Hatimaye kijana kapata jiko!" Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Miaka minne baadaye, Ijumaa moja usiku, tumekaa kwenye kochi nyumbani kwetu Ilala, mke wangu akazima televisheni. Mwanamke akizima televisheni katikati ya tamthilia, ujue kuna jambo. Akasema, "Mume wangu, nataka kuacha kazi. Nataka kufungua biashara ya majiko."

Jamani, nilicheka. "Jiko linataka kuuza majiko!" Nikaona nimetoa utani wa mwaka. Nikaongeza kwamba mtu mwenye digrii ya uhasibu, anayekaa kwenye kiyoyozi pale Samora, hawezi kwenda kugombania vyuma chakavu na mafundi wa Gerezani. Hakunijibu. Aliingia chumbani, akarudi na daftari, akaliweka mezani, akaenda kulala.

Daftari lile lilinitoa jasho. Kulikuwa na bei za bati, bei za vigae vya udongo vinavyowekwa ndani ya jiko, ujira wa fundi, mauzo ya majiko 19 ya majaribio, na akiba ya shilingi 1,400,000. Halafu majina ya wateja, kila ukurasa, yalikuwa kwa mwandiko ninaoujua tangu nikiwa darasa la kwanza. Mwandiko wa mama yangu mzazi.

Yaani mke wangu na mama yangu wamefanya biashara miezi saba, mimi nipo nipo tu!

Kilichoniuma hakikuwa hela. Niliumia kuachwa nje ya jambo ambalo watu wawili ninaowapenda walilishika pamoja. Saa kumi na mbili asubuhi nikampigia mama, nimejaa kama puto. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, tulijua tukikwambia utacheka. Umecheka, hujacheka?"

Nikakata simu kwa adabu.

Niwaeleze kidogo. Mama yangu ni mama lishe. Amepika Kariakoo tangu sijazaliwa: wali, maharage, samaki wa kukaanga, kwa wabeba mizigo na wenye maduka wa Narung'ombe na mitaa ya jirani. Soko kuu lilipoungua Julai 2021 na wafanyabiashara wakatawanyika, wateja wake wengi walipotea, naye akaanza upya. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye masufuria yale, na masufuria yale yalikaa juu ya mkaa. Macho ya mama ni mekundu daima, na kikohozi chake huamka mkaa unapowashwa. Mimi kila mwisho wa mwezi nilikuwa nampelekea dawa ya kikohozi, najiona mtoto mwema kweli kweli. Mke wangu alikwenda Jumamosi moja kumsaidia kuosha vyombo, akashinda pale kutwa, akarudi nguo zinanuka moshi. Usiku ule aliniuliza, "Hivi mama anavuta ule moshi siku ngapi kwa wiki?" Nikamwambia amezoea. Nakumbuka vizuri, nilikuwa naangalia mpira.

Mwishoni mwa daftari kulikuwa na jina limepigiwa mistari miwili: Charlot Magayi. Nikalitafuta kwenye simu, nimekaa peke yangu sebuleni.

Charlot ni Mkenya wa Nairobi, amekulia Mukuru, mitaa ya mabanda. Alikuwa akiuza mkaa. Yeye na majirani zake walikuwa wakiugua kifua mara kwa mara, na chanzo ni mkaa ule ule uliomlisha. Mwaka 2012 binti yake mdogo aliungua vibaya kwa jiko la mkaa. Fikiria kidogo hapo, wewe mzazi: kitu unachouza ili mtoto ale ndicho kilichomuunguza. Wengi wetu tungelia, tukamshukuru Mungu mtoto kapona, tukarudi kwenye gunia. Yeye akaanza kutafuta jiko lingine. Mwaka 2017 akaanzisha kampuni, akaiita Mukuru Clean Stoves, kwa jina la mtaa wake.

Majiko yake hutengenezwa kwa vyuma chakavu vinavyopatikana huko huko, wafanyakazi wake wengi ni wanawake, na bei ilikuwa kama dola 10 za Marekani. Yanatumia nishati iliyosindikwa kutokana na mabaki kama ya miwa, na moshi wake mchafu unaelezwa kuwa pungufu kwa asilimia 70 kuliko wa jiko la kawaida. Desemba 2022, kule Boston, alipewa Tuzo ya Earthshot, ile iliyoanzishwa na Mwanamfalme William wa Uingereza, pamoja na pauni milioni 1. Wakati huo majiko yake yalikuwa yakitumiwa na watu wapatao 200,000.

Mimi pauni milioni haikunishtua sana. Kilichonishtua ni mkono wangu. Nina kovu hapa karibu na kiwiko, nililipata nikiwa na miaka minne, niliangukia jiko la mama uani. Nyumbani tumekuwa tukiliita bahati mbaya. Sijawahi kumuuliza mama yeye analiitaje. Mke wangu, kumbe, aliwahi kumuuliza, na mama akalia.

Basi asubuhi nilimpikia chai. Niliomba msamaha, nikakubaliwa nusu. Hiyo nusu nyingine tuliijadili kwa wiki mbili, na msidhani ilikuwa mahaba matupu. Nilimwambia ninaogopa kodi ya nyumba. Nikamwambia pia serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, sasa nani atanunua jiko la mkaa wakati mitungi ya gesi imejaa kila kona? Akanijibu bila hata kuangalia daftari: "Mama ananunua mkaa kwa kopo, kwa hela ya jana. Mtungi unataka hela nyingi siku moja. Mpaka siku atakapoweza kuinunua gesi, ataendelea kuvuta nini?" Udongo wa ndani unatunza joto, akasema, mkaa unatumika kidogo, na bati la nje haliungi mtoto kirahisi. Moshi hauishi wote, na jiko la mkaa la aina yoyote halifai chumba kilichofungwa. Hilo analiandika kwenye karatasi ya kila jiko.

Tulikubaliana hivi: haachi kazi hadi wauze majiko 100. Kodi ya miezi sita nalipa mimi. Na hakuna tena daftari la siri, la kwake wala la kwangu (ndiyo, na mimi nilikuwa na langu, lakini hayo ni ya mwezi mwingine).

Jumamosi iliyopita tulikwenda Gerezani pamoja. Kelele za nyundo pale zinaingia hadi kwenye meno. Fundi alimwita mke wangu "bosi", mimi akaniita "shemeji". Nilibeba majiko matatu kichwani na mikononi hadi Narung'ombe, shati limelowa, watu wananipisha wakidhani ni mmachinga.

Mama alikuwa anapepea mkaa. Alininyanyulia macho yake mekundu.

"Umekuja kununua au kucheka?"

Nikatoa pochi. Mke wangu akanyoosha mkono kunizuia, lakini mama akawahi.

"Acha alipe, mwanangu. Na mwandikie risiti."