Kreti Tupu Lina Mlinzi, Gita Halina

Usiku ule gita langu la besi lilipoibwa, makreti ya chupa tupu yalikuwa yamefungiwa stoo kwa kufuli. Naomba ukumbuke jambo hilo, ndugu msomaji, maana malalamiko yangu yote yanaanzia hapo.

Tulikuwa tunapiga kwenye baa moja ya Dar es Salaam. Jina lake naliacha, kwa sababu baa za namna hiyo ni nyingi, na nikiitaja moja nyingine zitajiona hazihusiki. Saa 6 usiku tukapumzika. Mwimbaji akaenda kutafuta supu, mpiga solo akatoka nje kupiga simu, mimi nikaenda chooni. Gita nililiegemeza kwenye amplifaya, kama tunavyofanya karibu sote. Niliporudi nikakuta waya tu umelala sakafuni. Unajua gita likichomolewa huku amplifaya inawaka spika inavyoshtuka? Usiku ule hakuna aliyesikia kitu. Mwizi alipunguza sauti kwanza, halafu ndipo akachomoa. Yaani alikuwa mwizi anayejua kazi yetu.

Nikamfuata mwenye baa pale kaunta. Alinisikiliza, akanipa pole, kisha akasema: "Kijana, vyombo vyenu, jukumu lenu. Mimi nimewaita mpige muziki, sijafungua stoo ya magita." Wakati anasema hayo, nyuma yake mhudumu na mlinzi walikuwa wanahesabu chupa. Kila chupa tupu ilirudi kwenye kreti, kila kreti likaandikwa daftarini, halafu stoo ikafungwa. Chupa ikipungua, mhudumu anakatwa mshahara. Likipungua gita, hasara ni ya mwenye gita.

Sina ugomvi na kuhesabu chupa. Ugomvi wangu ni kwamba mtu yule yule anayejua thamani ya chupa tupu anajifanya hajui thamani ya kifaa kinachomletea wateja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye baa anaujua msemo huo vizuri sana, ila ameamua kwamba gita si mali.

Tuje kwa walevi. Mwizi anakuja mara moja moja. Mlevi yuko kila wikiendi. Anapanda jukwaani na glasi mkononi, anataka kuimba, anataka kumkumbatia mpiga tumba, anataka aonyeshwe "hii inapigwaje". Bia ikimwagika kwenye kinanda haiishii kukauka tu. Sukari yake inabaki inanata chini ya vitufe, na baada ya wiki mbili unabonyeza noti moja na inakataa kurudi juu. Mguu ukijikwaa kwenye waya, jeki inang'oka na kipande cha ubao. Gita likianguka kifudifudi linavunjika pale shingo inapokutana na kichwa, na fundi wa kuunga pale vizuri si rahisi kumpata. Kesho yake mlevi hakumbuki kitu. Mwenye baa anakumbuka, ila anakumbuka mauzo.

Hapa ndipo swali langu lilipo: ulevi ule nani kauuza? Mimi sikuuza hata chupa moja. Niliitwa nipige ili watu wakae mpaka saa 9 usiku badala ya saa 5, na katika saa hizo nne wanywe. Muziki wangu unauza bia, bia inamlewesha mtu, mtu anavunja kinanda, na kinanda tunachangishana wenyewe kukitengeneza. Mnyororo wote huo unapita mfukoni mwa mtu mmoja ambaye halipi senti tano. Mahali pengine pa kazi tungeiita hali hiyo kwa jina lake. Kwenye muziki tunaiita bahati mbaya.

Na sisi tunaoandika tumechangia. Someni makala zetu za dansi na taarabu, zangu zikiwemo. Mlevi anayepanda jukwaani tumemfanya pambo. Tunaandika "ukumbi ulichangamka", "mashabiki walivamia jukwaa", kana kwamba kuvamiwa ni sifa. Hatuandiki kwamba usiku huo wayalesi ilizama kwenye jagi la maji.

Chukua kisa cha B.B. King, ambacho kila mpenzi wa gita anakisimulia. Mwaka 1949 alikuwa anapiga katika ukumbi mmoja huko Twist, Arkansas, Marekani, ukumbi uliopashwa joto kwa pipa lenye mafuta ya taa yanayowaka. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduka, nyumba ikashika moto. B.B. King alikuwa ameshatoka nje salama, akarudi ndani ya moto kulichukua gita lake. Watu wawili walikufa katika moto ule. Baadaye akaambiwa ugomvi ulikuwa juu ya mwanamke aitwaye Lucille, akalipa gita lake jina hilo, na mengine yaliyofuata pia. Sisi tunakisimulia kama kisa cha mapenzi kati ya mtu na gita lake. Mwenyewe alieleza sababu nyingine kabisa: aliliita hivyo ili ajikumbushe asirudie tena ujinga ule. Lilikuwa onyo, sisi tukaligeuza utamu. Kijana masikini alihatarisha maisha kwa sababu alijua gita likiungua hakuna wa kumnunulia lingine.

Kuna watakaosema zamani mambo hayo hayakuwepo. Kidogo ni kweli, na kidogo si kweli. Bendi nyingi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa za jumuiya na mashirika: NUTA Jazz iliyoanza 1964 ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya 1971 ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, na Mlimani Park iliyoanza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi ilihamia DDC mwaka 1983. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na chombo cha mwajiri kina mtu wa kukiulizia. Lakini mpigaji akihama bendi aliondoka mikono mitupu, amepiga gita miaka kumi na hana gita. Sitaki kurudi huko. Leo wengi wetu tunamiliki vyombo vyetu, na hayo ni maendeleo. Ila tulipokabidhiwa umiliki hatukukabidhiwa stoo. Tumekuwa wenye mali na walinzi wa mali kwa wakati mmoja, huku mikono yote miwili iko kazini.

Najua pia jibu la wenzangu wa taarabu: ukiweka uzio mbele ya jukwaa umeua kutunza. Hoja hii naiheshimu. Muziki wetu haukuzaliwa wa kutazamwa kwa mbali. Mama anainuka, anacheza taratibu mpaka kwa mwimbaji, noti mkononi, kwa sababu ule ubeti umemgusa au umemgusa jirani yake aliyekaa meza ya pili. Hilo likifa, limekufa jambo kubwa. Lakini mtazame mama huyo vizuri. Haji na chupa. Haendi kwa mpiga kinanda kumshika mkono. Anakwenda kwa mwimbaji, anatoa, anarudi. Kutunza kuna adabu yake, na adabu hiyo ndiyo uzio wenyewe. Mlevi aliyepanda na glasi hatunzi mtu. Neno letu lina maana mbili, kumpa msanii zawadi na kukihifadhi kitu kisiharibike. Aliyembandika mwimbaji noti usoni huku anamwagia kinanda bia ametunza nini?

Sasa nijisute na mimi, maana nisipojisuta mtanisuta. Kituoni nilikokwenda kuchukua RB niliulizwa namba ya gita. Sikuijua. Niliulizwa picha. Nilikuwa na picha mia za sura yangu nikiwa nimelishika, hakuna hata moja inayoonyesha mkwaruzo wake wa nyuma ambao ningeutambua gizani. Na lile la sauti kupunguzwa kwanza limeniuma zaidi, kwa sababu wanaojua kufanya hivyo ni sisi sisi. Si jambo geni duniani. Mwaka 1936 fidla ya Stradivari ya Bronisław Huberman iliibwa ndani ya Carnegie Hall, New York, mwenyewe akiwa jukwaani anapiga nyingine. Aliyekuja kukiri kwamba ilikuwa mikononi mwake ni Julian Altman, mpiga fidla, na alikiri mwaka 1985 akiwa karibu kufa. Karibu miaka hamsini aliipiga mbele ya watu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba adui ni "kibaka" tu.

Basi yaliyo yetu tuyafanye. Namba ziandikwe, picha zipigwe mbele na nyuma. Waya upitishwe kwenye mkanda wa gita kabla ya kuchomekwa, mtu akiukanyaga using'oe jeki. Gita likae kwenye stendi yake, na wakati wa mapumziko lirudi kwenye kasha. Mmoja abaki na vyombo kila mapumziko, kwa zamu. Na tusinywe mpaka kirikuu kimeshapakiwa, hata kama ofa imetoka kwa meneja mwenyewe.

Lakini yasiyo yetu tuyakatae. Bendi isikubali kupiga bila mambo manne kwenye makubaliano, hata yakiwa ni ukurasa mmoja wa daftari wenye saini mbili. Chumba kimoja chenye kufuli. Baunsa mmoja upande wa jukwaa, siyo wote mlangoni kulinda kiingilio. Vinywaji vibaki mezani, wa kutunza apite na noti yake tu. La nne, vyombo viorodheshwe vikiingia na vikitoka, na kitakachopotea au kuvunjwa na mteja ndani ya ukumbi, ukumbi uchangie kukilipa. Mtaambiwa bendi nyingine itakuja bila masharti. Itakuja, ndiyo. Ndiyo maana bendi tano zikisema neno moja itakuwa tofauti na mimi kulialia peke yangu.

Mwezi uliopita tulipiga mahali pengine, mimi nikiwa na gita la kuazima. Kabla hatujafungua maboksi, mzee wetu wa tumba alikwenda kaunta, akasalimia, akamwomba dada wa pale daftari la stoo. Dada akauliza la nini. Mzee akamwambia, "Mwanangu, andika hapo chini ya makreti: tumba tatu, kinanda kimoja, gita mbili." Dada akacheka, akamtazama bosi wake. Bosi naye akacheka. Mzee hakucheka, na hakuondoka pale mpaka kalamu ilipomaliza kuandika.