Mwacheni Dada wa Watu Arudie Mtihani, na Hiyo "Tulia" Yenu Haimsaidii

Wiki hii kila grupu la WhatsApp hapa mjini lina stori moja. Yule dada mtangazaji, jina kapuni, aliyekuwa amejiandika "wakili mtarajiwa" kwenye ukurasa wake wa Instagram, kayafuta yale maneno kimyakimya. Kumbe kala sapu kule Shule ya Sheria, Dar, na sasa karudi nyumbani anapiga msuli wa marudio. Basi watu wamepata la kusema. Nusu wanacheka, nusu wanamtumia ujumbe: "Tulia mamy, usiwaze, Mungu yupo."

Leo naongea na wote. Wanaocheka hawajui wanachocheka, na hao wa "tulia" wanamuongezea mzigo bila kujua.

Tuanze na wanaocheka. Ukimaliza digrii ya sheria, iwe SAUT pale Malimbe au UDSM, bado wewe sio wakili. Lazima upite Shule ya Sheria ya Tanzania, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na pale ndipo watu wanapolia. Mnakumbuka matokeo yaliyozua gumzo Oktoba 2022? Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, 265 wakafeli kabisa. Kelele zikawa nyingi mpaka Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze kulikoni.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Wenye sapu walikuwa mara 13 ya waliotoboa moja kwa moja. Kwa hiyo kurudia pale sio maajabu wala sio dalili ya ujinga. Siku ukiwa na kesi yako ya kiwanja cha Buswelu, huyo wakili unayemlipa anaweza kuwa alirudia, na wala hutamuuliza.

Wapo watakaosema, "Si alijitangaza mwenyewe? Acha asemwe." Jamani, alitangaza ndoto yake, hakukopa hela ya mtu.

Nije kwa wenye huruma. Mtu anayerudia mtihani sio sawa na anayeufanya mara ya kwanza. Huyu ameshaonja kufeli, na mwili unakumbuka. Akiona karatasi ya maswali, moyo unadunda, viganja vinaloa. Sasa kama kwa miezi mitatu mmemwambia "tulia, tulia", siku hiyo anajikuta na kazi mbili: kujibu maswali, na kujiuliza mbona hajatulia. Anaogopa mtihani, halafu anaogopa ile hofu yenyewe. Muda unakwenda.

Kuna utafiti mdogo nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2010 na Jeremy Jamieson na wenzake. Walichukua wanafunzi waliokuwa wanajiandaa na GRE, ule mtihani ambao vyuo vingi vya kule hutumia kuchagua watu wa kusoma masters na PhD. Kabla ya jaribio, baadhi yao waliambiwa kitu kimoja tu cha ziada: moyo kudunda hauharibu mtihani, na unaweza hata kukusaidia kufanya vizuri. Basi hao wakapata alama kubwa zaidi za hesabu kuliko wenzao, na baadaye kwenye GRE yenyewe ikawa hivyohivyo. Hakuna aliyewaambia watulie. Waliambiwa tu wasiiogope hofu.

Sisi watu wa ziwa hili jambo tunalijua. Muulize mvuvi yeyote wa dagaa aliyekutwa na dhoruba usiku wa giza, taa zinayumba, mawimbi yanapiga mtumbwi. Atakwambia moyo ulimdunda. Ila mikono ilijua kamba ipi ishikwe na nani achote maji. Utulivu wake ulikuwa kwenye mikono.

Kwa hiyo wewe unayerudia, iwe Law School, iwe CPA ya Mei au Novemba, tengeneza mikono yako. Kwanza jua ulianguka wapi: hukuwa na nondo, au nondo zilikuwepo ila muda uliisha ukiwa swali la tatu? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Pili, acha kurudiarudia desa lilelile mpaka ulione kama ndugu yako. Kulizoea sio kulijua. Kaa mezani na pasti pepa, simu iwe chumba kingine, saa mbele yako, andika majibu mpaka muda uishe. Fanya hivyo mara nyingi, na moyo udunde hukohuko nyumbani, ili siku ya siku usiwe mgeni nao.

Tatu, punguza watazamaji. Tarehe ya mtihani waijue watu wawili. Nyuma ya kila anayerudia kuna aliyelipa ada: mama anayeuza dagaa Mwaloni, kaka mwenye bodaboda Buzuruga. Huyo mwambie ukweli, anastahili. Wengine wote, mpaka shangazi wa grupu la ukoo, watajua ukishamaliza.

Na sisi tuliobaki pembeni? Ukimpenda mtu anayerudia, mpelekee chakula. Mshikie mtoto Jumamosi asubuhi apate masaa matatu ya pasti pepa. Mlipie fotokopi. Na lile swali la "vipi, lini tena?" limeze tu, tafadhali.

Dada yetu, ukisoma hapa, siku hiyo moyo ukidunda usishtuke. Soma swali la kwanza mara mbili, uanze kuandika.

Haya wadau, uwanja wenu. Uliyewahi kurudia mtihani mkubwa ukatoboa, ni kitu gani kilikusaidia hasa? Na kuna neno uliambiwa likakuvuruga? Shusha komenti hapo chini, jina sio lazima.