Mama naye akimbie: Somo la wazazi kutoka mbio za chapati za maji

Saa 5:55 asubuhi, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, mbio zinaanza katika mji mdogo wa Olney, Buckinghamshire nchini Uingereza. Kina mama waliojipanga sokoni, aproni kiunoni, kitambaa kichwani na kikaango mkononi, wanarusha chapati ya maji juu, wanaidaka, kisha wanatimua mbio kuelekea kanisani. Umbali ni yadi 415, karibu mita 380. Baada ya takriban dakika moja mshindi anajulikana, naye anairusha chapati yake tena mbele ya watu.

Pembeni mwa barabara familia zimejaa. Watoto wa shule wana mbio zao, lakini zile kubwa ni za wanawake wakazi wa mji huo wenye umri wa kuanzia miaka 18. Wanaume hawakimbii. Siku hiyo kazi ya baba ni kubeba mtoto, kushika makoti na kushangilia.

Simulizi za mji huo zinasema chanzo ni mwaka 1445. Mama mmoja alikuwa jikoni akikaanga chapati aliposikia kengele ya kuwaita waumini kwenda kuungama. Akaogopa kuchelewa, akatoka mbio na kikaango chake mkononi. Chapati zilipikwa siku hiyo ili kumaliza mayai na mafuta kabla ya mfungo wa Kwaresima. Wasomaji wa Pwani wataelewa haraka: ni kama siku ya kuvunja jungu kabla ya Ramadhani. Mbio hizo zilisimama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zikarejeshwa mwaka 1948. Tangu mwaka 1950 kina mama wa Olney hushindanishwa kwa muda na wenzao wa mji wa Liberal, jimbo la Kansas nchini Marekani, ambao nao hukimbia kwao siku hiyo hiyo.

Inachekesha, lakini mzazi ajiulize: mtoto wako amewahi kukuona ukikimbia?

Watoto wengi humjua mama anayepika, anayefua na anayewahi daladala. Wakimwita waruke kamba pamoja, jibu ni “nimechoka” au “mimi mzee sasa”, hata kama ana miaka 30. Wakati mwingine si uchovu. Ni aibu ya jambo asilolisema hata kwa mumewe: akiruka, akikohoa au akicheka sana, mkojo unamponyoka.

Hali hiyo huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua, kwa sababu misuli ya sakafu ya nyonga inayoshikilia kibofu hulegea wakati wa ujauzito na uzazi. Kwa kuwa ni ya kawaida, wengi huamini ndiyo gharama ya kuzaa. Sivyo. Mara nyingi inatibika, na matibabu ya kwanza ni mazoezi.

Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, bila kubana pumzi, tumbo wala mapaja. Shikilia sekunde chache, achia, rudia mara 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Unaweza kufanya ukiwa umekaa ofisini au unanyonyesha. Usifanye zoezi hili ukiwa chooni unakojoa. Nafuu huchukua wiki hadi miezi kadhaa, hivyo usikate tamaa mapema. Ukiona hakuna mabadiliko baada ya miezi mitatu, au una maumivu, damu au unahisi kitu kinashuka ukeni, nenda kituo cha afya. Ikiwa mkojo unavuja mfululizo tangu ulipojifungua, usisubiri hata siku moja. Inaweza kuwa fistula, nayo hutibiwa.

Kwa aliyejifungua karibuni, wataalamu wa fiziotherapia Uingereza wanashauri asianze kukimbia kabla ya miezi mitatu. Kutembea polepole kunatosha kwanza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kuchangamsha mwili kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Mtoto hatazipata kwa kuamriwa “toka ukacheze” na mzazi aliyeinamia simu. Hufuata anachokiona.

Huna haja ya kusafiri hadi Olney. Jumamosi hii pikeni chapati za maji pamoja. Zikishapoa, kila mmoja achukue kikaango chepesi kilichopoa kabisa. Cha moto kisitoke jikoni, na watoto wakae mbali na jiko na mafuta. Chagueni uwanja usio na mawe wala magari, vaeni viatu visivyoteleza, wekeni alama ya kuanzia na kumalizia. Wadogo watangulie hatua kumi. Atakayeangusha chapati arudi nyuma hatua moja, mchezo uendelee.

Baba ashike mtoto mchanga na apige kelele za kushangilia. Mama, kama mwili uko tayari, ajifunge kanga vizuri akimbie. Kama bado, atembee hadi mwisho, na usiku huo aanze kumi za kwanza.