Daftari, Mizani na Simu: Nasaha kwa Wenye Biashara Ndogo



Ndugu zetu Waislamu, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa ni la dunia tupu, nalo ni vyombo vya kisasa tunavyovitumia katika biashara zetu ndogo: simu, mizani, kompyuta na mfano wa hivyo. Lakini atakayetufuata mpaka mwisho ataona kwamba jambo hili lina mguu mmoja dukani na mguu wa pili kaburini.

Huko Gare, katika milima ya Usambara, alifariki mwenzetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa na duka la rejareja, na pamoja na hilo alikuwa akikusanya viazi, karoti na kabichi za wakulima na kuzipeleka Dar es Salaam kwa njia ya Soni na Mombo. Hakuna aliyemjua kwa ubaya. Wakulima wengine aliwalipa papo hapo, wengine aliwaahidi kuwalipa gari likirudi. Na majirani wengi walikuwa wakichukua kwake sukari na mafuta ya taa kwa mkopo. Hesabu zote hizo, alizodai na alizodaiwa, alikuwa akiziandika katika simu yake.

Siku ya mazishi ikanadiwa kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye amche Mungu. Jioni wazee wakamwita mtoto wake mkubwa wakamwuliza habari za madeni. Kijana akatoa simu mfukoni.

"Baba mdogo, yote yamo humu. Lakini namba ya kuifungulia alikuwa akiijua yeye peke yake."

Mzee akaishika ile simu, akaigeuza huku na huku, kisha akasema: "Basi, mwanangu, tumemzika pamoja na daftari lake."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Wala hatusemi kwamba simu ni mbaya. Watu wa milima yetu hawakuanza leo kupokea vyombo vigeni. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, waliokuwa wakibeba mizigo kichwani walijifunza kuipeleka garini. Mizani ikaja, cherehani ikaja, mashine ya kusaga ikaja, na kila kimoja kilimfaa aliyekijua na kumtia hasarani asiyekijua. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, na kwetu Tanzania mwaka 2008; na leo mkulima wa Gare hupokea thamani ya gunia lake bila ya kushuka mlimani. Hiyo ni neema, na neema yataka shukrani, na katika shukrani ni kuitumia kwa akili. Basi natutazame makosa tunayoyafanya mara kwa mara.

La kwanza ni kuweka hesabu zote katika chombo kimoja. Simu huanguka majini, huibiwa, huharibika, na mwenyewe hufa. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuliandika deni la muda maalumu, likiwa dogo au kubwa, na kuliwekea mashahidi. Fikirini, ndugu zangu: aya ndefu kuliko zote haikushuka juu ya vita wala juu ya ufalme, bali imeshuka juu ya kuandika deni. Na lililoandikwa mahali asipoweza kulisoma ila mtu mmoja, naye akafa, lina tofauti gani na lisiloandikwa?

Tena yafaa tukumbuke kwamba vyombo hivi vina siku zake za kunyamaza. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya zipitazo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Wala karatasi nayo haina dhamana: Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku, na daftari lililomo ndani ya soko liunguapo halina wa kuliokoa. Dawa yake ni nyepesi: andika mara mbili. Ukiandika katika simu, nakili jioni katika daftari, na daftari hilo lilale nyumbani, si dukani. Na awepo mtu mmoja mwaminifu, mke, au mtoto, au ndugu, ajuaye daftari lilipo na namna ya kuifungua simu ikiwa umeondoka duniani. Au namba hiyo iandikwe katika karatasi iliyofungwa na kuwekwa kwa mtu wa amana.

La pili ni kuusadiki ujumbe badala ya kuisadiki hesabu. Nani katika sisi hajapata kuletewa ujumbe na mtu asiyemjua, wa kumwambia kwamba ile fedha aitume kwa namba hii? Mwenye kuutunga hakujui. Ametupa wavu wake kwa watu wengi, akitumai kuwa mmoja wao kwa bahati ana deni la kulipa siku hiyo na atadhani ni mdai wake. Mwingine hukutumia ujumbe unaofanana na ule wa kupokea fedha, kisha akakupigia kwa sauti ya unyonge: "Shikamoo mzee, nimekosea kutuma, tafadhali nirudishie." Muuza duka mwenye huruma, na wateja wamemzonga, humrudishia fedha ambazo hazikuingia kamwe.

Basi kanuni ni hizi. Kabla hujatoa bidhaa wala kurudisha fedha, tazama salio lako mwenyewe, usitazame ujumbe. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka katika kampuni ya simu, kwani kampuni haina haja nayo. Usimpe mteja simu yako ya kazi "akusaidie." Namba ya tapeli ipeleke kwa 15040 ili wenye mamlaka waishughulikie, na kwa kupiga *106# utaona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukabebeshwa dhambi ya mwingine. Na mara tu ukipoteza simu, ifunge laini siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa muumini haumwi mara mbili katika tundu moja, na tundu hili wenzetu wengi wamekwisha kuumwa.

La tatu ni kuchanganya fedha ya duka na fedha ya nyumba katika laini moja. Ada ya shule hutoka humo, mchele hutoka humo, fedha ya mkulima huingia humo. Mwisho wa mwezi mwenye duka hajui kama amepata faida au anakula mtaji. Ubaya zaidi ni kwamba hajui zaka yake. Biashara ikitimiza nisabu, ambayo wanachuoni wengi wa zama zetu huikadiria kwa gramu 85 za dhahabu, na ikipitiwa na mwaka wa Kiislamu, huwajibika kutolewa fungu moja katika mafungu 40. Utalitoaje fungu la kitu usichokijua kiasi chake? Laini ya pili gharama yake ni ndogo mno. Ya duka iwe ya duka, nawe ujitolee posho yako kwa kiasi maalumu, na uiandike. Na laini ya duka iwe kwa jina lako mwenyewe, si la shemeji wala la kijana wa dukani, ili yasizuke magomvi ya kumnyang'anya mtu haki yake.

La nne ni kununua chombo kwa kuona haya. Jirani amenunua kompyuta, nawe wataka kompyuta. Na duka lako lina bidhaa zinazoweza kuhesabiwa kwa macho. Chombo hununuliwa kwa kazi iliyopo, si kwa kazi inayotamaniwa. Jiulize: kazi gani yanichosha au yanitia hasara kila siku? Chombo hiki chaiondoa? Nani atakitengeneza kikiharibika, na fundi yuko Lushoto au yuko Dar es Salaam? Masika yakikata umeme, nitafanyaje? Ukipata jawabu za haya, nunua; usipozipata, subiri.

Na katika mlango huu huu yumo adui mkubwa, nao ni mikopo ya simu. Kijana hubonyeza mara tatu akapata fedha, na baada ya siku chache hudaiwa zaidi ya alichopokea, na akichelewa huongezewa tena. Watu wa mitaani wenyewe wameipa mikopo ya namna hii jina la "kausha damu," na jina hilo limetosha kuieleza. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila ya leseni. Lakini Muislamu hangoji leseni tu: ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, iwe imetoka kwa mwenye leseni au asiye nayo, iwe imeitwa ada au imeitwa huduma. Afadhali duka dogo lenye rafu tupu mbili kuliko duka lililojaa kwa riba. Iwapo mtaji umepungua, wako ndugu, kuna ushirika wa kutoa na kukopeshana pasipo ziada, na kuna kungoja.

La tano ni mizani. Katika milima yetu ya viazi na kabichi watu wote wanaijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake mpaka likazidi kipimo. Mkulima hulipwa gunia moja naye ametoa gunia na ushei. Serikali imekataza, na Wakala wa Vipimo huwafuatia wafanyao hivyo. Lakini kabla ya Serikali, Mwenyezi Mungu ameiteremsha sura nzima, Al-Mutaffifin, juu ya wapunjao vipimo, na akatusimulia kisa cha Nabii Shuaibu na watu wa Madyan. Nunua kwa mizani. Mizani ya kielektroniki nayo yataka uangalizi: iwekwe mahali palipo sawa, betri isiwe imekwisha, isomeke sifuri kabla ya kupima, uzito wa chombo utolewe, na ipelekwe kuhakikiwa kwa wakati wake. Mizani mbovu usiyoijua ni kosa, bali mizani mbovu unayoijua ni wizi.

La sita ni siri za wateja. Wako wenye maduka ambao, mdaiwa akichelewa, hupiga picha ukurasa wa daftari na kuutia katika kundi la WhatsApp la mtaa, mji mzima ukajua kuwa mama fulani anadaiwa unga. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu aweza kushtakiwa kwa kutangaza habari za wenzake. Na Qur-ani, katika sura ile ile ya Al-Baqara, aya ya 280, imetuamrisha kumngojea mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Kumngojea na kumfedhehesha havikutani.

Sasa tunasema na nyinyi vijana. Baba zenu wana ujuzi wa bidhaa na wa watu, nanyi mna ujuzi wa vyombo hivi. Msiwacheke wanapokosea kubonyeza. Kijana akae na baba yake au mama yake kila baada ya Isha kwa robo saa, amsomee hesabu za siku, wanakili pamoja katika daftari. Baba atajifunza simu, na mtoto atajifunza biashara. Na siku ya mauti hapatakuwa na mtu wa kusema kuwa hajui.

Na je, yule mwenzetu wa Gare mambo yake yaliishaje? Siku ya nne alikuja mama mmoja mkulima kutoka mabondeni, na mkononi ana kijidaftari cha shule cha mtoto wake. Ameandika humo magunia yake yote, na tarehe, na kiasi alicholipwa na kilichobaki. Warithi walimlipa siku ile ile bila ya maneno. Wengine walikuja na ndimi zao tu, yakawa ya kuulizana na kuapishana. Na wale waliokuwa wakidaiwa na marehemu, wachache walijitokeza wenyewe, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Waliosalia wamenyamaza mpaka leo, na walichokinyamazia ni mali ya mayatima.

Tumepokea katika Hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, asiyeacha cha kulilipia, akawaambia Masahaba wamsalie mwenzao, hakumsalia yeye mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa deni lile. Na tumepokea pia kwamba haimpasi Muislamu mwenye jambo la kuusia kulala masiku mawili ila wasia wake uwe umekwisha kuandikwa. Basi ewe ndugu mwenye duka, usingoje mwezi ujao. Usiku huu, ukisha kufunga mlango, chukua kalamu na daftari, ufungue simu yako, na umwite mmoja katika watu wa nyumba yako akae karibu nawe.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika chumo letu, atulipie madeni yetu kabla ya kutufisha, na awarehemu waliotutangulia. Amin.